Siku zako za kwanza Berlin: anza na mlango wako, kisha reli moja

Wanafunzi wetu wengi wanaokwenda Berlin kwa muhula wa majira ya baridi hutua mwishoni mwa Septemba, na vipindi huanza katikati ya Oktoba. Wiki hizo mbili hivi ndizo za kulijua jiji. Ukizimaliza chumbani ukisubiri ratiba, Krismasi itakukuta unajua njia mbili tu, ya chuo na ya dukani. Nimewapokea wageni kadhaa kutoka nyumbani, na utaratibu ninaowapa ni huu hapa. Lango la Brandenburg halikimbii, utalikuta.

Hatua ya 1: Toka uwanja wa ndege na tiketi sahihi

Uwanja wa BER uko kanda C ya nauli, na jiji lenyewe ni kanda A na B. Kwa hiyo nunua tiketi ya ABC kwenye mashine, kituo cha treni kiko chini ya Terminal 1. Kabla ya kupanda, igonge muhuri kwenye kisanduku kidogo kilichosimama pale treni zinaposimama. Vituo vya Berlin havina mageti, na mgeni huona watu wanaingia na kutoka akadhani hakuna anayejali. Wakaguzi wapo, wengine wamevaa kiraia kabisa, na tiketi isiyo na muhuri kwao haina thamani. Faini ni euro 60. Kusema wewe ni mgeni hakusaidii.

Hatua ya 2: Jua mlango wako

Asubuhi ya kwanza usiende mbali. Zunguka mtaa wako kwa miguu na usome namba za nyumba, maana hapa wengi hupotea hata wakiwa na ramani mkononi. Katika mitaa mingi ya zamani namba hazikugawanywa witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Zinafuatana 1, 2, 3 upande mmoja hadi mwisho wa mtaa, kisha zinavuka barabara na kurudi upande wa pili. Namba 5 inaweza kutazamana na namba 120. Ukifika kona, angalia kibao cha jina la mtaa: mara nyingi juu au chini ya jina kuna namba ndogo zinazoonyesha nyumba zilizo kwenye kipande hicho. Ukizoea kusoma kibao hicho, simu inaweza kuishiwa chaji na bado ukafika.

Kisha rudi kwenye jengo lako. Vyumba kwa kawaida havina namba. Kengele za mlangoni zina majina ya ukoo, na masanduku ya barua vilevile. Hakikisha jina lako limebandikwa kwenye vyote viwili siku hiyohiyo, hata kama ni kwa karatasi na gundi. Namba ya siri ya kadi ya benki, kadi ya bima ya afya na namba yako ya mlipakodi vyote huja kwa posta, na tarishi asipoliona jina lako hurudisha barua. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote la karatasi, kwa sababu kijibandiko kimoja kinakuokoa majuma ya kuhangaika.

Uandikishaji wa makazi, Anmeldung, unatakiwa ndani ya siku 14 tangu uhamie. Mwombe mwenye nyumba ile barua ya kuthibitisha kwamba unaishi kwake, halafu tafuta miadi mtandaoni. Si lazima iwe ofisi ya wilaya yako; Bürgeramt yoyote ya Berlin inakubalika. Ukikosa nafasi, jaribu tena asubuhi mapema, ndipo nyingine hufunguliwa.

Hatua ya 3: Zunguka jiji mara moja kwa Ring

Nunua tiketi ya saa 24, panda S41, ukae dirishani. Treni hii ya Ring, yaani reli ya mduara, hulizunguka jiji la ndani kwa mwelekeo wa saa, na S42 huenda kinyume chake. Mzunguko wote ni kama saa moja. Kariri vituo vinne tu: Westkreuz magharibi, Gesundbrunnen kaskazini, Ostkreuz mashariki, Südkreuz kusini. Ukivijua hivyo, popote utakapokuwa utajua nyumbani ni upande gani. Ukishuka kutembea, usikanyage njia ya baiskeli iliyochorwa kando ya barabara. Waendesha baiskeli wa hapa hawapunguzi mwendo.

Hatua ya 4: Chagua reli moja uijue vizuri

Kwa mtu wa kwetu napendekeza U6, reli ya chini ya ardhi. Inalikata jiji kaskazini hadi kusini, inakutana na Ring mara mbili, Wedding na Tempelhof, na inapita jirani na mambo yanayotuhusu. Wakati wa Ukuta uliougawa mji wa Berlin, 1961 hadi 1989, treni zake zilitoka Berlin Magharibi, zikapita chini ya Mashariki bila kusimama isipokuwa Friedrichstraße, kisha zikatokea Magharibi tena.

Shuka kwanza kituo cha Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya elimu ya viumbe. Ndani ya makumbusho hiyo utakutana na mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27. Huyo ametoka Tendaguru, Lindi. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji, na wapagazi waliibeba kwa miguu kutoka porini hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Onyesha kitambulisho cha chuo upate bei ya mwanafunzi, kisha chukua muda wako. Ni kazi ya mikono ya watu wa kusini mwa Tanzania, na kila mwanafunzi wa kwetu anastahili kuiona kabla ya vivutio vingine.

Panda tena U6 hadi Rehberge, uingie mitaa inayoitwa Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika. Utasoma vibao vya Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Petersallee, iliyopewa jina la mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, ilibadilishwa mwaka 2024, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Hapa ndipo pa kufanyia zoezi: weka simu mfukoni, tembea saa nzima, kisha urudi kituoni kwa kusoma vibao peke yake. Ukikwama, muulize mtu. Anza na salamu, sema „Entschuldigung“ (samahani), na watu wengi watakuelekeza vizuri.

Siku nyingine shuka Stadtmitte, utembee kuelekea magharibi hadi Wilhelmstraße 92. Jengo lililokuwapo halipo tena, kuna kumbukumbu tu ya mkutano wa kuigawana Afrika, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Hakuna Mwafrika aliyeketi mezani. Soma maelezo yote.

Hatua ya 5: Chakula, na Jumapili

Jumamosi jioni kabati lako liwe limejaa, maana Jumapili maduka hufungwa. Yanayobaki wazi ni vioski vya mitaani na baadhi ya maduka ndani ya stesheni kubwa. Mihogo, ndizi za kupika na unga wa ugali utavipata kwenye maduka ya Waafrika, Wedding yapo. Kwa mboga na matunda nenda soko la Maybachufer, Jumanne au Ijumaa, jioni linapokaribia kufungwa, bei hushuka. Beba fedha taslimu. Chupa za plastiki usitupe: nyingi zina amana ya senti 25, unarudishiwa kwenye mashine ya dukani.

Jumapili yenyewe nenda Tempelhofer Feld, kwa U6 ileile, kituo cha Paradestraße. Ni uwanja wa ndege uliofungwa 2008, sasa ni bustani ya zaidi ya hekta 300, na unaruhusiwa kutembea juu ya njia za kurukia ndege. Vaa koti linalozuia upepo. Mageti hufungwa giza linapoingia, na saa zimeandikwa hapo getini. Zisome kila unapokwenda: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, jua likaanza kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Desemba huzama hata kabla ya saa kumi.