Mbwa au paka wako kazeeka? Angalia haya kabla hujasema ni umri tu

Jamani tuache hii tabia ya kusema "ah huyo kazeeka tu" kila mnyama akibadilika. Uzee sio ugonjwa, ila magonjwa mengi yenye matibabu yanajificha humo, na paka hasa anavumilia maumivu kimyakimya mpaka hali inakuwa mbaya. Mbwa anza kumfuatilia akifika miaka 7 hivi, wale wenye miili mikubwa wanazeeka mapema zaidi, paka akifika kama miaka 10.

Mimi ningeanza na maji. Ukiona bakuli linaisha haraka kuliko zamani na mkojo umeongezeka, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kisukari, na kwa jike ambaye hajafungwa kizazi inaweza kuwa usaha kwenye mfuko wa uzazi, hiyo unamkimbiza kwa daktari siku hiyohiyo. Pima basi, mimina maji kwa kipimo, kesho yake saa ileile angalia yamebaki kiasi gani. Mbwa akizidisha mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, au paka akizidisha 50, hayo ni mengi. Na usimnyime maji eti asikojoe sana, kama figo ndo tatizo utamuua.

Alafu uzito. Unamwona kila siku na manyoya yanaficha mbavu, kwahiyo macho hayatoshi, panda nae kwenye mizani kisha panda peke yako utoe tofauti, fanya hivyo kila mwezi. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 tu, hiyo ni asilimia 10 ya mwili wake. Kuna paka anakula kwa pupa na bado anakonda, watu wanafurahi paka anakula vizuri, kumbe mara nyingi ni tezi ya thairoidi (ile ya shingoni) imezidisha kazi.

Maumivu ya viungo ndo yanapitwa sana. Mbwa anachukua muda kunyanyuka, paka haruki tena dirishani, manyoya ya mgongoni yanagandana sababu hawezi kujigeuza ajilambe, au anakojoa nje ya boksi lake la kujisaidia kwa kuwa ukingo wake mrefu (huyo hajakosa adabu, anaumia). Usimpe dawa zako za maumivu! Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kuua paka, na ibuprofeni ni sumu kwa mbwa.

Akiwa kalala fofofo hesabu pumzi, kifua kupanda na kushuka ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika, na ukirudia bado ziko juu, moyo au mapafu yachunguzwe. Macho yenye ukungu wa bluu mara nyingi kweli ni umri na anaona, ila weupe kama maziwa ni mtoto wa jicho. Mbwa kuzunguka usiku na kukwama kwenye kona, hapo ubongo unachoka, mwambie daktari pia.

Usisubiri kesho kama fizi zimekuwa nyeupe au bluu, tumbo la mbwa limevimba ghafla anataka kutapika hakitoki kitu, au paka dume anajikamua mkojo hautoki. Paka asiyekula siku mbili nae apelekwe, ini linaharibika haraka.

Ukienda chukua video za nyumbani, maana akifika kwa daktari hofu inamfanya atembee kama hana shida yoyote.