Somo: Kufunga turbo kwenye gari lisilotoka nayo kiwandani

Wakuu, swali linaloulizwa kuliko yote ni "turbo ipi itaingia kwenye gari langu?" Ukianzia hapo umeanzia mwisho. Turbo yenyewe ni boliti chache, gasketi na hozi. Ugumu wa kazi, na pesa nyingi, viko kwenye petroli, taimingi ya plagi (wakati plagi inapotoa cheche) na joto. Ndiyo maana humu turbo inakuja katikati.

Nazungumzia injini ya petroli ya silinda nne, yenye noseli (vipua vya petroli), iliyotoka kiwandani bila turbo, na lengo letu ni presha ya 0.4 hadi 0.5 bar juu ya ile ya hewa ya kawaida. Anayetaka bar moja na zaidi, ushauri wangu atafute injini iliyotoka na turbo aibadilishe nzima. Atatumia pesa kidogo kuliko kufungua hii na kuweka pistoni na konrodi mpya.

Kwa kifupi: moshi wa eksozi unazungusha tabini (feni ndogo) iliyo kwenye shafti, na shafti hiyo hiyo inazungusha kompresa upande wa pili, mara nyingi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa nyingi inasukumwa kwenye silinda, unaiongezea petroli, nguvu inapanda. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili wazo hilo mwaka 1905.

Hatua ya 1: Pima injini kabla ya kununua chochote

Pasha injini moto, zima petroli na koili, toa plagi zote, fungua throto mpaka mwisho, kisha pima kompresheni silinda moja moja. Zisipishane zaidi ya asilimia 10. Silinda ikiwa chini, mimina humo kijiko kimoja cha oili upime tena. Kompresheni ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi. Injini inayokula oili au kupunguza maji ya rejeta irekebishwe kwanza. Turbo haiponyi ugonjwa wowote, inauharakisha.

Hatua ya 2: Ijue kompresheni ya kiwandani

Injini nyingi zisizo na turbo ziko 10:1 au zaidi, yaani pistoni inabana mchanganyiko hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Ukiongeza presha juu yake, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati. Utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Huko ndiko kugonga, na dakika chache zake zinatosha kupasua pistoni. Tatizo si geni: Oldsmobile Jetfire ya 1962, mojawapo ya magari ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa watu wa kawaida, ilikuwa na kompresheni ya 10.25:1, na kiwanda kililazimika kuweka tangi la maji na methanoli ili injini isigonge. Wenye magari wakawa hawalijazi. Sisi tunajilinda kwa presha ndogo, petroli ya oktani ya juu na taimingi iliyorudishwa nyuma (cheche ichelewe kidogo).

Hatua ya 3: Petroli na kontroli boksi

Hapa usikimbie. Sensa ya presha ya gari lisilo na turbo kwa kawaida inasoma hadi presha ya hewa ya kawaida tu. Ukizidisha hapo, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haioni hewa iliyoongezeka, inatoa petroli ile ile, na pistoni zinaungua. Weka sensa inayosoma hadi bar 2.5 au 3, kontroli boksi inayoweza kupangwa upya, na sensa ya oksijeni ya masafa mapana yenye geji mbele ya dereva inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli.

Noseli zinapigiwa hesabu. Injini ya silinda nne inayolenga nguvu farasi 200 inahitaji noseli za karibu cc 400 kwa dakika kila moja, ukiacha nafasi ya asilimia 20 zisifanye kazi mpaka mwisho. Pampu ya petroli nayo iendane.

Sasa la muhimu: funga vyote hivi na utembelee gari bila turbo mpaka liwake vizuri asubuhi, litulie sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) na lisikwame barabarani. Ukifunga kila kitu siku moja, kosa likitokea hutajua limetoka wapi.

Hatua ya 4: Turbo

Chagua ndogo. Turbo kubwa inapendeza kwenye picha, lakini kwenye injini ya lita 1.5 au 1.8 itaamka wakati unakaribia kubadilisha gia. Iwe na westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabini presha ikitosha) ya ndani yenye springi ya 0.3 hadi 0.5 bar. Ukinunua iliyotumika, shika shafti kwa vidole: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, lakini ikisogea kwenda mbele na nyuma kwa kiasi cha kuhisika, au mapanga yana alama za kugusa nyumba yake, iache.

Hatua ya 5: Oili

Oili ya kuingia inatoka pale penye sensa ya presha ya oili, kwa kutumia kiunganishi cha njia tatu. Ya kurudi ndiyo inayowashinda wengi. Inarudi kwa mvutano wa ardhi tu, haina presha, kwa hiyo bomba lake liwe pana, milimita 16 za ndani au zaidi, lishuke bila kona ya kupanda, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Kabla ya kutoboa sampu, ishushe. Chembe za chuma zikibaki ndani zitaishia kwenye beringi.

Hatua ya 6: Mabomba, intakula na vitu vidogo

Hewa ya nyuzi 25 ikikandamizwa kwa 0.5 bar inatoka kwenye kompresa ikiwa na joto la karibu nyuzi 75, wakati mwingine zaidi. Intakula (kipoza hewa) mbele ya rejeta inaishusha. Manifoldi ya eksozi iwe ya chuma kinene, na kila waya au hozi iliyo karibu nayo ifunikwe kwa kinga ya joto.

Valvu ya kupumulia injini iwekewe ya njia moja, la sivyo presha itaingia kwenye sampu na kusukuma sili nje. Plagi ziwe za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa hatua moja, pengo lipunguzwe hadi 0.6 au 0.7 mm, kwa sababu presha huzima cheche.

Hatua ya 7: Kuwasha na kupanga

Oili mpya, filta mpya. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na soketi za koili, piga starta kwa vipindi vifupi mpaka uone oili ikitoka kwenye bomba la kurudi. Hapo ndipo urudishe fyuzi na soketi, uwashe. Iache sailensa, kagua uvujaji kila mahali.

Kupanga kufanyike kwa mtu anayejua, ikiwezekana kwenye dainamomita (mashine ya kupimia nguvu ya gari). Gari likiwa na presha, uwiano wa hewa na petroli uwe kati ya 11.5 na 12 kwa 1, si ile 14.7 ya mwendo wa kawaida. Geji ikipanda kuelekea 13 presha ikiwa imejaa, ondoa mguu hapo hapo.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Fundi wangu anasema badala ya kontroli boksi mpya, tuongeze tu presha ya petroli kwenye regyuleta. Inatosha?

Jibu: Kwa 0.2 au 0.3 bar watu wamefanya, lakini taimingi inabaki ya kiwandani, na huko ndiko injini inakogongea. Nisingelifanya kwenye gari ninalolitegemea kwenda kazini.

Swali: Langu ni otomatiki ya CVT. Vipi?

Jibu: Achana nayo. Mkanda wa chuma wa CVT ulipangiwa torki ya injini ile ile. Ukianza kuteleza, boksi limekwisha. Otomatiki ya gia za kawaida inajaribika ukiiongezea kipoza oili. Ya manyuo, tarajia klachi kuanza kuteleza.

Swali: Nimeshafunga. Likiwa sailensa linatoa moshi wa bluu, nikiendesha unapungua. Turbo mbovu?

Jibu: Kabla ya kuilaumu, kagua bomba la kurudi oili. Likiwa jembamba au limejikunja, oili inajaa kwenye turbo na kupita sili. Valvu ya kupumulia ikiziba inaleta dalili hiyo hiyo. Kama turbo yako ni ya beringi za mipira, hakikisha pia ina kizuizi kidogo kwenye bomba la kuingia.

Swali: Nikiweka gasketi nene ya hedi kushusha kompresheni si nitakuwa salama?

Jibu: Inashusha kidogo, lakini inaharibu nafasi nyembamba kati ya pistoni na hedi inayosaidia mchanganyiko kuchangamka, na injini inaweza kugonga vile vile. Pistoni za kompresheni ndogo ndizo jibu kamili.

Swali: Lazima nisubiri kabla ya kuzima?

Jibu: Ukitoka kupanda mlima au mwendo mkali, sailensa ya dakika moja hivi inasaidia, oili isiungulie kwenye beringi. Ukiwa umetembea taratibu dakika za mwisho, zima tu. Cha maana zaidi ni oili yenyewe: nzuri, na usipitishe kilomita 5,000.

Swali: Breki je? Hujazigusa kabisa.

Jibu: Kweli, mkuu. Weka pedi bora, oili ya breki mpya, na kagua valvu ya njia moja kwenye hozi ya busta (kisaidizi cha pedali ya breki). Ikivuja, presha ya turbo itaingia kwenye busta na pedali itakuwa ngumu. Na wajulishe watu wa bima kabla ya kuingia barabarani, maana gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kukosa fidia.