Kubadili pedi na diski za breki za mbele: kazi yenyewe ni kutu

Huku kwetu Pemba chumvi inakula gari kila mtu anajua, ila tunaangalia mlango uliotoboka tu, breki hatuziangalii mpaka zianze kulia. Ukisikia mlio mwembamba wa chuma kwa chuma, kile ni kibati cha pedi kinagusa diski, pedi imekwisha. Ikibaki milimita 3 badilisha, tena kulia na kushoto pamoja, ukiweka mpya upande mmoja gari itavuta. Diski nayo unene wake wa mwisho umeandikwa kwenye chuma chenyewe, ikifika hapo haichongwi tena, nunua nyengine.

Haya, gari iwe pahala sawa na pakavu, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi, nati zilegeze kabla hujapiga jeki, afu weka stendi maana udongo wetu ukiroa jeki inazama na wewe uko chini. Tairi ikitoka fungua boliti mbili nyuma ya kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, kwenye Toyota Vitz na IST hizi mara nyingi spana 14, kalipa ifunge na waya kwenye springi, tafadhali usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Toa pedi, fungua na breketi, kile chuma zinapokaa pedi.

Diski sasa. Watu wanachukua nyundo, na nyundo inaua beringi. Angalia usoni mwa diski, Toyota nyingi zina vitundu viwili vyenye hesi, tia boliti mbili za milimita 8, kaza hii kidogo na ile kidogo, hii kidogo na ile kidogo, utasikia "ta!" imeachia.

Hapo utaona habu, yaani kitovu cha gurudumu diski inapokaa, imejaa kutu jekundu linabanduka magamba. Usiweke diski mpya juu yake! Mie nshawahi kuwekewa hivohivo na fundi, haikupita wiki pedali inatetema mguuni kila nikiteremka mlima wa kwenda bandarini Mkoani, nkalaumu diski kumbe ni gamba la kutu, unene wa karatasi tu. Sugua na brashi ya waya mpaka chuma king'are, na pale pedi zinapokaa kwenye breketi pia. Pini za kalipa zichomoe, zifute, zipake grisi ya silikoni ya breki, sio ile ya beringi inavimbisha raba. Pini ikikwama pedi ya ndani inakwisha ya nje bado nene.

Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa sabuni na maji moto, ikaushe vizuri. Fungua kichupa cha mafuta ya breki, weka pedi kuukuu juu ya pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, uirudishe ndani taratibu kwa jiliwa, na mafuta yakipanda yanyonye, yakimwagikia rangi inababuka.

Rudisha vyote, nati kaza kwa kukingamanisha, mie natumia spana ya kipimo, 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha kukaza) kwa gari hizi ndogo za Toyota. Na kabla gari haijasogea hata shibiri moja kanyaga breki, kanyaga tena mpaka pedali iwe ngumu, maana mara ya kwanza inazama mpaka chini na hapo huna breki kabisa. Afu tafuta barabara tupu, nenda 50 punguza mpaka 10 bila kusimama, mara kumi hivi, ukiziachia nafasi zipoe. Kesho yake kaza nati tena.