Somo: Kupima kifua cha mtu mzima, kuanzia kuhesabu pumzi

Chukua chati za wodi moja usome safu ya upumuaji. Joto linatofautiana, presha inatofautiana, lakini pumzi ni 20, 20, 20 kitanda hadi kitanda. Hizo hazikuhesabiwa. Nawaomba wanafunzi wa uuguzi msirithi tabia hiyo, kwa sababu mwili ukianza kuzidiwa, pumzi huongezeka mapema, mara nyingi presha ikiwa bado nzuri. Katika mfumo wa alama za tahadhari uitwao NEWS2, uliotolewa Uingereza mwaka 2017, mgonjwa anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika anapata alama 3 kwa kipimo hicho peke yake, na kipimo kimoja hakina alama ya juu kuliko hiyo.

Hatua ya 1: Salamu na maswali

Nawa mikono, vuta pazia, salimia. "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naomba nikupime kifua." Anapojibu, tayari unapima: je, anamaliza sentensi, au anakatisha kila maneno matatu ili avute hewa? Uliza kikohozi kimeanza lini, makohozi yana rangi gani, yana damu? Analalia mito mingapi? Anavuta sigara, anapikia kuni, amewahi kufanya kazi mgodini? Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kikuelekeze kwenye kifua kikuu: mvalishe barakoa, toa taarifa makohozi yapimwe.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi

Mtu akijua unamhesabia pumzi, anabadilisha anavyopumua. Kwa hiyo shika kifundo cha mkono wake kama unayepima mapigo, mkono huo ukiwa umelala juu ya kifua chake. Ukimaliza mapigo usiuachie. Hamishia macho kifuani. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili.

Wengi huhesabu sekunde 15 kisha huzidisha kwa 4. Tazama hatari yake: ukipata 5, unaandika 20, mgonjwa hana shida. Ukipata 6, unaandika 24, mgonjwa wa kuangaliwa. Pumzi moja tu uliyoikosa imebadilisha uamuzi wote. Kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20. Andika pia kama pumzi ni za kina au za juujuu, na kama zinafuatana sawasawa.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kugusa

Misuli ya shingo inajikaza? Pua zinatanuka? Ameinama, mikono magotini? Pande zote mbili za kifua zinapanda pamoja?

Vitabu vingi husema utafute rangi ya buluu, dalili ya upungufu wa oksijeni. Kwa ngozi nyeusi usiitafute shavuni. Mwombe atoe ulimi, fungua mdomo wa chini uangalie ndani, kwenye mwanga mzuri. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kina mipaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kikisoma asilimia 94 na mgonjwa anahangaika, mwamini mgonjwa. Kama vidole vina piko au rangi ya kucha, tumia ncha ya sikio.

Hatua ya 4: Gusa, kisha gonga

Weka viganja mgongoni, vidole gumba vikikutana katikati, mwambie avute pumzi. Vidole vitengane sawa. Kisha laza kidole cha kati katikati ya mbavu ukigonge kwa kidole cha mkono wa pili. Penye maji au nimonia sauti ni butu. Penye hewa iliyozidi inavuma kama ngoma.

Hatua ya 5: Sikiliza

Laennec alibuni stetoskopu Paris mwaka 1816 kwa sababu aliona haya kulaza sikio kwenye kifua cha mwanamke. Endeleza staha hiyo: funua sehemu unayoisikiliza tu. Lakini weka stetoskopu juu ya ngozi, kamwe si juu ya kanga, maana msuguano wa nguo unafanana na ugonjwa. Apumue kwa mdomo. Shuka kutoka juu, kulia na kushoto kwa usawa uleule, pumzi nzima kila mahali. Sehemu za chini za mapafu zinasikika mgongoni, basi usiishie mbele.

Maswali ya wanafunzi

*Mgonjwa akiongea katikati ya kuhesabu?*
Mjibu, kisha anza upya.

*Nasikia sauti lakini sijui inaitwaje.*
Mwambie akohoe, usikilize tena. Kisha andika ulichosikia: kuchachatika au mluzi, upande gani, wakati wa kuvuta au kutoa pumzi. Maelezo hayo yanamsaidia daktari kuliko jina la kubahatisha.

*Mimi ni mwanafunzi wa kiume, mgonjwa ni mama wa makamo na anasita.*
Mwite muuguzi wa kike awepo. Anzia mgongoni. Mbele, mwombe mwenyewe ainue titi. Akikataa, heshimu, na uandike kwamba sehemu hiyo haikupimwa.

*Nimehesabu 28, niko zamu ya usiku, daktari hayupo wodini. Nianzie wapi?*
Mkalishe wima, pima oksijeni, mwite muuguzi kiongozi wa zamu papo hapo. Oksijeni ikiwa chini, aanzishiwe kwa utaratibu wa wodi. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa kwa kawaida hulengwa oksijeni ya asilimia 88 hadi 92. Mnapompigia daktari, anzeni na namba: "Mgonjwa wa kitanda cha nne anapumua mara 28, saa mbili zilizopita ilikuwa 18, hamalizi sentensi." Rudia kuhesabu baada ya dakika 15, na uandike saa.