Unataka uuguzi kwa sababu ya huruma? Anza hapa

Kwa Tanzania, stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3. Kidato cha nne unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Wengi hukwama kwenye Fizikia. Kama una F, rudia mtihani kwanza. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya elimu na mafunzo ya ufundi), maana cheti cha chuo kisichotambulika hakikufikishi kwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Zoea hesabu za dozi mapema. Daktari akiandika miligramu 75 na kichupa kina miligramu 100 kwa mililita 2, unavuta mililita 1.5. Nukta ikihama, mgonjwa anapata dozi mara kumi, na huruma yako haimwokoi.

Wodini, huruma ni kazi ya mikono: kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgandamizo, kuvuta pazia kabla ya kumsafisha, kumweleza sindano ni ya nini. Ukiweza, mhudumie kwanza mgonjwa wa nyumbani kwa wiki kadhaa. Harufu, usiku mrefu na hasira za mwenye maumivu vitakuonyesha kama moyo wako unahimili.