Somo: Kuanzisha shule ndogo ya watoto wenye mahitaji ya kihisia, hatua kwa hatua

Nimeulizwa mara nyingi, na swali huanza vilevile: "Mwalimu, nina kiwanja, nataka kufungua shule ya watoto wenye shida za kihisia." Kiwanja hicho kiache kwanza kilimwe mahindi. Shule ya namna hii ni watu wazima watano au sita wasiopandwa na hasira upesi, na watu hao ni adimu kuliko hati ya ardhi. Ninayoandika ni ya Tanzania Bara, ngazi ya shule ya msingi, na yametoka kwenye kitengo tulichokianzisha mimi na wenzangu, pamoja na makosa yetu.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta mtoto gani

Tumezoea mahitaji yanayoonekana. Ukitaja Buguruni Viziwi au Uhuru Mchanganyiko, shule za Dar es Salaam zenye watoto viziwi na wasioona, mtu anaelewa mara moja. Mtoto wa hisia hana fimbo nyeupe wala shimesikio. Yuko darasa la kawaida, na jina ameshapewa: mtukutu, mkaidi, ana mapepo. Anapindua dawati, anatoroka, anauma wenzake. Au hafanyi lolote. Anakaa pembeni muhula mzima bila kutamka neno, na kwa kuwa hamsumbui mtu, hakuna anayemwandikia barua. Huyu wa pili ndiye anayesahaulika. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na watoto kumi na mmoja, tisa kati yao wavulana wa ngumi. Ikabidi turudi madarasani tukaulize upya: "Nani hapa hujawahi kumsikia sauti?" Tukaletewa wasichana wanne siku hiyohiyo.

Kabla hujasema shida ni hisia, ondoa mengine: masikio, macho, kifafa, njaa, kukosa usingizi. Tuliwahi kuletewa mtoto ambaye barua yake ilisema "hatii maagizo". Kumbe sikio la kushoto halisikii, na alikaa na hilo sikio upande wa mwalimu. Alihitaji kliniki na kubadilishiwa dawati, basi. Hakuwa wetu.

Jiandae pia kusema hapana. Ukishajulikana, kila mwalimu mkuu ana mtoto mmoja anayetaka aondoke. Shule yako ikigeuka jalala la walioshindikana, imekufa kabla ya mwaka kuisha.

Hatua ya 2: Shule kamili au kitengo?

Ushauri wangu: anza na kitengo ndani ya shule iliyokwisha kusajiliwa. Utatumia vyoo vyao, kisima chao, na mtoto hatatoka nje ya dunia ya wenzake. Marjorie Boxall, mwanasaikolojia wa elimu wa London, alianza hivyo mwaka 1969. Alikuwa na vikundi vya malezi ndani ya shule za kawaida, watoto wachache, watu wazima wawili, na kifungua kinywa cha pamoja mezani. Hakujenga ukuta. Shule kamili inakuja baadaye, ukiwa na watoto ambao kweli hawawezi kubaki walipo.

Idadi? Darasa la msingi serikalini limepangiwa wanafunzi 45 kwa mwalimu. Wewe anza na wanane kwa watu wazima wawili, na usizidi kumi na wawili hata wakikulilia.

Hatua ya 3: Vibali

Kitengo kinahitaji maandishi ya mwenye shule, bodi au kamati ya shule, na afisa elimu maalum wa halmashauri. Shule binafsi inayojitegemea inapitia kwa Kamishna wa Elimu, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Kwanza kibali cha kuanzisha na kujenga, kisha kuthibitishwa mwenye shule na meneja, mwisho usajili wenyewe. Wathibiti Ubora watakuja kukagua. Watahesabu hata matundu ya choo, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nenda ofisini kwao kabla ya kununua tofali la kwanza, mkiwa mnazungumza kama majirani, si baada ya kupaua.

Usipokee watoto "kwa majaribio" kabla ya usajili. Ni kosa kisheria, na watakaoumia shule ikifungwa ni watoto ambao tayari wamefungiwa milango mingi.

Hatua ya 4: Watu

Mwalimu mmoja angalau awe na elimu maalum. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, kimewafundisha wengi. Lakini cheti hakitoshi. Usaili wetu siku hizi una sehemu moja tu ninayoiamini: mwombaji anakaa na watoto saa tatu nzima, asubuhi. Hatumwambii afanye nini. Tunamtazama mtoto anapomtukana. Akicheka kwa dharau, hapana. Akinyanyua sauti, tunaongea naye. Akinyamaza, akakaa chini ili macho yao yalingane, akasubiri, huyo tunampa chai na kumuuliza ataanza lini.

Mpishi na mlinzi wahesabu kuwa ni walimu. Mpishi wetu ndiye aliyegundua kwamba mtoto mmoja anaficha ugali mfukoni kila mchana. Hakumsema. Alianza kumfungia kitonge kwenye mfuko safi na kumpa mkononi wakati wa kuondoka: "Cha jioni hiki." Baada ya majuma mengi mtoto akaacha kuficha, kisha akaanza kukisahau kile kitonge mezani.

Tafuta pia watu wa nje. Afisa ustawi wa jamii wa kata yako umjue kwa jina. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, jua kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ibandike ukutani ambapo mtoto anaiona bila kuomba ruhusa, maana baadhi ya hizo "tabia mbaya" ni ukatili wa nyumbani unaotafuta pa kutokea.

Na walimu wenyewe wachoke kwa zamu. Kila Ijumaa, watoto wakishaondoka, tunakaa saa moja. Kila mtu anasema nani alimshinda wiki hii. Mwanzoni tulikuwa tunajisifu. Siku mwalimu mmoja mzee alipokiri kwamba alitamani kumzaba kofi mtoto fulani, ndipo kikao kilipoanza kuwa kikao.

Hatua ya 5: Chumba na siku

Kengele ya rimu ya gari iondoe. Kwa mtoto aliyezoea kusikia kelele kabla ya kipigo, ule mlio ni kipigo chenyewe. Kwetu mwalimu anapita akisema, "Bado dakika tano." Halafu "bado mbili." Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayowasha moto.

Siku inaanza saa 2:00 kwa uji, wakubwa kwa wadogo mezani, vikombe vya aina moja. Mtoto asipokunywa asilazimishwe. Kikombe chake kiwepo. Baada ya uji, kusoma na kuandika kwa vipindi vya dakika ishirini, kisha mwili utumike: kumwagilia bustani, kuruka kamba, kuchota maji. Hesabu asubuhi, si mchana. Ukutani weka michoro ya ratiba, maana anayeogopa hasomi maneno.

Mtoto akilipuka, watoe wenzake, si yeye. Hili liandike kwa herufi kubwa. Wenzake waende chini ya mwembe na mwalimu mmoja. Wa pili abaki, mbali kidogo, karibu na mlango lakini asiuzibe. Usihoji. "Kwa nini umefanya hivi?" ni swali ambalo wakati huo hata yeye hana jibu lake.

Hatua ya 6: Daftari la matukio

Daftari la kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Mistari mitatu tu: kabla, kilichotokea, baada. Mfano wa kwetu:

*Jumanne, saa 4:20. Kabla: amerudishiwa daftari la hesabu. Kilichotokea: amelichana, ametupa kiti, hakuna aliyeumia. Baada: amekaa chini ya meza dakika 25, ametoka mwenyewe, ameomba maji.*

Ukisoma moja, unaona mtoto mkorofi. Tulipozisoma tano za mtoto huyo kwa pamoja, nne zilianza na "amerudishiwa daftari". Tukayaangalia hayo madaftari: wino mwekundu, mikato ukurasa mzima. Tukaanza kusahihisha kwa penseli, tena alama ya vema peke yake, na makosa tukayafanya naye kwa mdomo. Madaftari yakaacha kuchanika. Tabia nyingine zikabaki, lakini hiyo ilikwisha kwa penseli ya shilingi mia mbili.

Hatua ya 7: Mlango wa kutokea

Siku mtoto anapoingia, andikeni anarudi vipi. Kama ni kitengo, abaki kwenye rejesta ya shule yake na namba yake ya PREM, ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, isivurugwe, la sivyo utakuja kuhangaika wakati wa kusajili mtihani wa darasa la nne. Kurudi kuwe kwa vipande: kwanza kipindi cha michezo, kisha Kiswahili, kisha asubuhi nzima. Mwalimu anayempokea aje akae kwetu siku mbili. Hatua hii sisi tuliiruka kwa mtoto wa kwanza, tukamrudisha Jumatatu moja kwa shangwe na keki. Jumatano alikuwa getini kwetu na begi lake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu mstaafu, Singida: *Mwalimu mwenzangu, nimefundisha miaka thelathini na fimbo. Serikali yenyewe inaruhusu. Wewe utawamudu vipi bila kiboko?*

Shikamoo mzee wangu. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinaruhusu, kweli, ila soma zinavyobana: mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Kwa watoto hawa, wengi wao wamekwisha kupigwa na kila mtu anayewahusu. Kama kiboko kingekuwa dawa, wangeshapona. Sisi tumeandika kwenye mkataba wa kazi: ukimpiga mtoto, kazi imekwisha. Tumewahi kumpoteza hivyo mwalimu aliyekuwa mzuri sana wa hesabu. Ilituuma.

Mzazi, Tanga: *Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka tisa, anapiga kelele usiku, shuleni anajificha. Ndugu wanasema ni mapepo, nimpeleke akaombewe kwanza. Nifanye nini?*

Marahaba, mama. Kuombewa mwombeeni, sitamwambia mzazi aache dua. Ila mambo matatu usikubali: asifungwe kamba, asinyimwe chakula kwa jina la kufunga, na kama kuna dawa ya hospitali isikatishwe. Wiki hiihii mpeleke akapimwe, uwaeleze zile kelele za usiku zinaanza saa ngapi na mwili unakuwaje, kwa sababu kifafa nacho huja usiku. Halafu kaa naye jioni, mkichambua mchicha au mchele, umuulize shuleni anajificha wapi. Usiulize kwa nini, uliza wapi. Wengi huanzia hapo kusema.

Mwanachama, Mombasa: *Habari mwalimu. Hatua hizi zinafaa huku Kenya?*

Za ndani ya chumba, ndiyo. Za ofisini, hapana. Kwenu usajili ni kupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti, chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na sheria hiyohiyo imekataza adhabu ya viboko, kwa hiyo hilo swali la mzee wa Singida kwenu limefungwa, kwenye karatasi angalau. Mtoto apitie kwanza EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Mnavyo tangu 1984. Kwa walimu, ulizia KISE, chuo cha elimu maalum cha Kenya, pale Kasarani, Nairobi.

Mwanachama, Mwanza: *Mkuu, hujagusa pesa. Ada mnatoza kiasi gani? Inalipa?*

Hailipi, kaka. Watoto wanane kwa watu wazima wawili, piga hesabu mwenyewe. Mishahara ndiyo inayokula karibu kila kitu. Kabla hatujafungua, tuliweka benki mishahara ya miezi sita na tukaapa kutoigusa. Mwezi wa nne tukaigusa. Wazazi wanaoweza wanalipa ada, wengine wanaleta mahindi, kuni, au siku moja ya kazi bustanini, na vyote vinaandikiwa stakabadhi. Ukitafuta faida, fungua shule ya mchepuo wa Kiingereza, watu wanapanga foleni.

Mwanachama, Kibaha: *Tumeshapata kitengo, tunamalizia chumba cha utulivu, pa mtoto kutulia akilipuka. Fundi anauliza komeo aweke nje au ndani?*

Popote asiweke. La nje mtamfungia mtoto siku moja, hata kama leo mnaapa hamtafanya hivyo. Siku hiyo itakuwa Ijumaa, mvua inanyesha, mwalimu mmoja anaumwa. La ndani atajifungia na mtashindwa kumfikia. Mlango ufunguke kwa kusukuma, au wekeni pazia tu la kitenge kizito. Mkeka, mto, dirisha linaloonyesha mti, basi. Wa kwetu fundi alikwisha kupiga komeo kabla sijafika. Tuliling'oa, na matundu manne ya skrubu bado yako kwenye fremu. Watoto huchomeka vijiti vya kiberiti humo.