Kutoa hita ya gari inayovuja na kuweka nyingine: somo kwa wenye gari Unguja na Pemba

Kwa joto letu la visiwani, wengi wetu hatuwashi hita mwaka mzima, lakini katika gari nyingi zinazotoka Japani maji ya injini hupita ndani yake muda wote injini inapowaka, ukiiwasha usiiwashe. Hita ni redieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na inapotoboka maji humwagikia ndani ya gari huku injini ikipungukiwa, hata unaweza kutoka Wete salama na kuchemsha kabla ya kufika Mkoani.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kwamba kinachovuja ni hita kweli, kwani hapa ndipo watu wanapofungua dashibodi bure. Kiyoyozi hukusanya maji mengi katika hewa yetu yenye unyevu, na mpira wake wa kutolea maji ukiziba, zulia la upande wa abiria hulowa vilevile. Gusa maji hayo kwa karatasi nyeupe: ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, ilhali kulanti, yaani yale maji ya kupozea injini yaliyotiwa dawa, ina rangi, huteleza vidoleni na hunukia utamu, na mvuke wake huacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Usiyaonje, kwa sababu kulanti ni sumu.

Ukishathibitisha, iache injini ipoe kabisa, kwani maji yaliyomo yamo katika shinikizo na ukifungua mfuniko yakiwa ya moto yatakuunguza uso. Yamwage kwenye beseni, wala usiliache wazi, maana ule utamu huwavuta paka na watoto.

Kisha ondoa waya wa hasi wa betri, usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote karibu na usukani au dashibodi, ili umeme uliobaki katika mfumo wa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari inapogongana, umalizike. Hatua hii haina njia ya mkato.

Mipira miwili ya hita huingia kupitia ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Ikiwa imegandana, usiivute kwa nguvu, bali ipasue kwa kisu kwa urefu na ununue mipya, kwa kuwa mabomba ya hita ni membamba na hupinda upesi. Ndani, baadhi ya gari zina kifuniko cha pembeni ambacho ukikifungua hita huchomoka peke yake. Nyingine hulazimu dashibodi yote ishuke, na hapo piga picha kila plagi kabla ya kuichomoa, na uweke skrubu za kila sehemu katika kopo lake. Ikiwa sanduku la hita halitoki bila ya kukata mabomba ya gesi ya kiyoyozi, simama hapo umwite fundi wa gesi.

Linganisha hita mpya na ya zamani kwa vipimo na kwa mwelekeo wa mabomba, uizungushie sponji kama ilivyokuwa, kisha ujaze kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa chumvi. Nasisitiza jambo hili, kwa sababu maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe na hubeba chokaa, na karibu na pwani huwa na chumvi, na hayo ndiyo yanayoziba na kula vijia vya hita.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi niko Chake Chake na hita siitumii. Je, naweza kuunganisha ile mipira miwili na kuisahau?

Unaweza, ndugu yangu, kwa muda, na injini itaendelea kupata mzunguko wake. Lakini usiizibe kila mmoja peke yake, kwa sababu katika baadhi ya injini maji hutegemea njia hiyo. Utakachokikosa utakiona wakati wa masika, kwani hewa iliyokaushwa na kiyoyozi kisha ikapashwa na hita ndiyo inayoondoa ukungu wa kioo haraka kuliko zote.

Je, dawa ya kuzibia uvujaji inafaa?

Siishauri. Haichagui tundu, na inaweza kuziba vijia vya redieta kubwa pia.

Shehe, nimebadilisha hita, sasa geji ya joto inapanda na hewa ya hita inatoka baridi. Tatizo ni nini?

Kuna hewa iliyonaswa ndani. Zima injini, ipoe, uinue pua ya gari, uweke kidhibiti cha hita kwenye joto la juu, kisha uwashe huku mfuniko ukiwa wazi na uongeze ule mchanganyiko wa kulanti taratibu hadi mapovu yaishe. Ukishafunga, pima tena kiasi cha kulanti asubuhi injini ikiwa baridi, na usitoke safari ndefu kabla ya kipimo hicho.